Nyuso za kinano zinazotengenezwa kwa plazma ili seli zishike: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanabaiolojia wanaoletewa mashine ya plazma bila maelezo, na wanafizikia wanaoshika pipeti kwa mara ya kwanza. Kila jibu linajitegemea. Kama una haraka, anza na sehemu ya «Kemia au umbo?», maana hapo ndipo majaribio mengi huharibika.

## Misingi

Plazma ni nini?

Ni gesi iliyotiwa nishati hadi baadhi ya elektroni zikang'oka kutoka kwenye atomi zake. Ndani yake mna elektroni huru, ayoni, vipande vya molekuli vinavyoitwa radikali huru ambavyo huungana upesi na chochote vinachokigusa, pamoja na mwanga wa urujuanimno. Radi ni plazma, jua ni plazma, na gesi inayong'aa ndani ya taa ya mrija ni plazma pia. Jina hilo lilitolewa na mwanakemia wa Marekani, Irving Langmuir, mwaka 1928. Plazma ya damu ni kitu kingine kabisa.

Mbona plastiki haiyeyuki ndani ya plazma?

Kwa sababu tunatumia plazma baridi. Ndani ya chemba yenye ombwe tunapitisha gesi kidogo, kisha tunaweka uga wa umeme unaogeuka mara milioni 13.56 kila sekunde. Elektroni ni nyepesi, hivyo hukimbizwa na uga huo na kupata nishati ya elektronivolti chache. Elektronivolti 1 ni sawa na halijoto ya kelvini 11,600 hivi. Lakini elektroni ikigonga atomi huiachia nishati kidogo mno, kwa hiyo gesi yenyewe hubaki karibu na joto la chumba.

Nishati hiyo inatosha kukata vifungo vya plastiki: kifungo cha kaboni na kaboni kinahitaji elektronivolti 3.6 hivi. Hivyo ngozi ya juu ya plastiki hubadilika huku mwili wake ukibaki ulivyo. Ukiendelea kwa dakika nyingi kwa nguvu kubwa, sampuli itapata joto, na polistirini hulainika ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi.

Ipo pia plazma moto, ile inayopuliza poda ya titani au haidroksiapatiti (madini yanayofanana na ya mfupa) juu ya vipandikizi vya nyonga. Joto lake ni la maelfu ya nyuzi na vazi lake ni nene, makumi ya mikromita. Hiyo ni fani nyingine na haizungumzwi hapa.

Kwa nini seli zinahitaji kushika mahali?

Seli nyingi za tishu ngumu na laini, kama za mfupa, ngozi na kuta za mishipa, hufa zikikosa pa kushika. Kushika ndiko kunakoziambia zitandae, zigawanyike au zikomae. Seli nyingi za damu hazina hitaji hilo, huishi zikielea.

Seli inashika nini hasa? Plastiki yenyewe?

Hapana, na jibu hili ndilo msingi wa mengine yote. Ukimwaga kiowevu cha kukuzia chenye seramu, protini hufika kwenye uso ndani ya sekunde. Seli hutua baadaye, baada ya dakika kadhaa, na kukuta zulia la protini limeshatandikwa. Inachoshika ni zulia hilo.

Kwenye seramu, albumini ndiyo nyingi kuliko zote, na seli haina mkono wa kuishika. Zinazofaa ni vitronektini na fibronektini, ambazo zina mfuatano mfupi wa asidi amino tatu: arginini, glisini na aspati. Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha mwaka 1984 kwamba kipande hicho kidogo kinatosha kuikamatisha seli. Upande wa seli, kinachokamata ni protini za utando ziitwazo integrini.

Protini pia hubadilishana nafasi: zinazowahi hung'olewa na zinazofika baadaye zenye mshiko imara zaidi. Leo Vroman alieleza jambo hilo katika damu miaka ya 1960. Kwa hiyo uso mzuri kwa seli ni ule unaoruhusu vitronektini na fibronektini zishinde kinyang'anyiro hicho, tena zikae zikiwa zimekunjuka vizuri, mfuatano wao ukiangalia juu.

Sasa kwa nini kujisumbua na nanomita (sehemu ya bilioni ya mita)?

Kwa sababu integrini zenyewe zina ukubwa wa nanomita 10 hivi, na hazifanyi kazi moja moja. Lazima zikusanyike kikundi ili seli ijenge nanga. Watafiti wa Ujerumani waliokuwa wakifanya kazi na Joachim Spatz walipanga nukta za dhahabu zenye kipande cha kushikia. Umbali kati ya nukta ulipokuwa nanomita 58, seli zilitandaa. Ulipofika 73, zilishindwa kujenga nanga imara. Tofauti ya nanomita 15 iliamua jambo lote.

Kwa umbo kubwa zaidi habari ni ya zamani. Ross Harrison wa Yale aliona kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba seli za kiinitete hufuata nyuzi za utando wa buibui. Seli hupapasa mazingira yake, na vidole vyembamba inavyopapasia vina unene wa nanomita 100 hadi 300 hivi, saizi ileile ambayo plazma huweza kuichonga.

## Jinsi maumbo yanavyotengenezwa

Plazma inachongaje vinundu bila kielelezo chochote?

Plazma ya oksijeni hula plastiki na kuigeuza kuwa kaboni dioksidi, kaboni monoksidi na mvuke wa maji, vinavyovutwa na pampu. Kama ingekula sawasawa kila mahali, uso ungebaki tambarare. Lakini ayoni hugonga pia kuta na vishikizo vya chemba na kung'oa chembe za alumini au alumina, zinazodondokea sampuli. Kila chembe huwa kinga ndogo: chini yake plastiki hailiki, pembeni yake inalika. Baada ya dakika chache unapata msitu wa vinguzo.

Kikundi cha kituo cha Demokritos, Athens, kimelichambua jambo hili kwa kina kwenye PMMA (plastiki angavu ya akriliki) na polima nyingine. Funzo lake kwa maabara ni hili: chemba yako ni sehemu ya mapishi. Mapishi yaliyochapishwa kwa chemba ya alumini hayatatoa msitu uleule kwenye chemba ya kioo. Ukibadilisha kishikizo cha sampuli, anza kupima upya.

Urefu wa vinguzo huongezeka kadiri muda unavyokwenda, kutoka makumi ya nanomita hadi mikromita. Volteji inayovuta ayoni kuelekea sampuli huamua kama vinguzo vitasimama wima.

Nikitaka mpangilio maalumu badala ya msitu wa bahati?

Tumia vidonge vya polistirini vyenye kipenyo cha mamia ya nanomita. Ukivitandaza juu ya maji hujipanga vyenyewe kwa umbo la sega la nyuki, kisha unavinyanyua kwa sampuli yako. Plazma ya oksijeni huvipunguza ukubwa huku kila kimoja kikibaki mahali pake. Hivyo nafasi kati ya vitovu unaiamua kwa kununua vidonge vya saizi fulani, na upana wa nguzo unauamua kwa sekunde za plazma. Baada ya hapo unachonga kinachobaki wazi. Naipenda njia hii kuliko nyingine zote kwa mwanafunzi anayeanza, kwa kuwa inakupa namba unazoweza kuzitetea.

Plazma huondoa tu, au inaweza pia kuongeza?

Inaongeza pia. Ukiingiza mvuke wa molekuli ya kikaboni, vipande vyake huungana juu ya uso na kuwa utando wa nanomita chache hadi mamia. Alilamini huacha vikundi vya amini, asidi ya akriliki huacha vikundi vya kaboksili, na vyote viwili hupendwa na seli nyingi. Molekuli za jamii ya etha, kama digilaimu, zikivunjwa kwa nguvu ndogo huacha utando unaokataa protini, na seli hazishiki kabisa. Ukichanganya maeneo ya aina hizi mbili unaweza kuamua seli ikae wapi.

Nichague gesi gani?

Oksijeni au hewa kwa kuongeza oksijeni usoni na kula plastiki. Amonia au nitrojeni kwa vikundi vyenye nitrojeni. Argoni kwa kusafisha na kuacha radikali ambazo zitachukua oksijeni ya hewa mara ukifungua chemba. Salfa heksafloridi kwa kuchonga silikoni. Hii ya mwisho ina madhara makubwa kwa tabianchi, mara 23,500 hivi ya kaboni dioksidi kwa uzito uleule katika miaka 100, kwa hiyo isitolewe ovyo.

## Kemia au umbo?

Seli zangu zimeshika mara nyingi zaidi kwenye uso uliochongwa. Je, ni kwa sababu ya umbo la kinano?

Bado hujui. Plazma iliyochonga vinguzo ndiyo iliyotia vikundi vya oksijeni kwenye uso huohuo, na vikundi hivyo peke yake vinatosha kubadilisha kila kitu. Polistirini ghafi, tone la maji likiwekwa juu yake, huwa na pembe ya mgusano (pembe kati ya ukingo wa tone na uso) ya nyuzi karibu 90, na seli nyingi huikataa. Ipitishe kwenye plazma kwa sekunde chache ukiiacha tambarare kabisa, pembe itashuka sana na seli zitashika. Viwanda vya sahani za kukuzia seli vinalitegemea jambo hili kwa miongo mingi. Makala ya Amstein na Hartman kuhusu kuandaa plastiki kwa njia hiyo ni ya mwaka 1975.

Kulinganisha uso uliochongwa na plastiki ghafi ni kulinganisha vitu viwili vilivyotofautiana kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Nimesoma makala nyingi mno zenye kosa hili, na linaniuma, kwa sababu kazi ya kulirekebisha ni ya siku moja tu.

Nitatenganishaje hayo mawili?

Andaa nyuso tano: tambarare ghafi, tambarare iliyopita kwenye plazma kwa muda mfupi, iliyochongwa ikiwa mbichi, iliyochongwa kisha ikafunikwa, na tambarare iliyofunikwa. Kufunika ni kutandaza nanomita chache za titani au dhahabu, au utando uleule wa plazma, juu ya iliyochongwa na juu ya tambarare kwa pamoja, katika mzunguko mmoja wa mashine. Sasa hizo mbili zilizofunikwa zina kemia moja na umbo tofauti. Tofauti itakayobaki ndiyo unayoweza kuihusisha na umbo.

Kisha rudia bila seramu, ukitandika fibronektini peke yake. Tofauti ikitoweka, basi umbo lilikuwa likichagua protini. Ikibaki, huenda seli inalipapasa umbo lenyewe. Kumbuka pia kwamba uso wa vinguzo una eneo kubwa zaidi, hivyo hubeba protini nyingi zaidi kwa kila sentimita ya mraba unayoiona kwa macho.

Pembe ya mgusano inayofaa ni ipi?

Kwa nyuso tambarare, seli nyingi hupenda kati ya nyuzi 40 na 70 hivi. Kwenye uso uliochongwa namba hiyo hupotosha, kwa sababu umbo huzidisha tabia: uso unaopenda maji huyanywa yote na pembe kushuka chini ya nyuzi 10, na unaoyakataa huyasukuma hadi juu ya nyuzi 150. Ipime, lakini usiitumie kutabiri mshiko.

## Kazi ya maabara

Nianze na mipangilio gani?

Kwa mashine ndogo ya mezani, jaribu hewa au oksijeni, shinikizo la milibari 0.2 hadi 0.5, wati 50, sekunde 30 hadi 60. Hapo utabadilisha kemia tu. Kwa kuchonga vinguzo unahitaji plazma nzito zaidi, shinikizo la paskali 1 hivi, na volteji ya kuvuta ayoni.

Usizidishe ukidhani utapata mshiko zaidi. Plastiki iliyopigwa kupita kiasi huacha vipande vifupi vilivyooksidika ambavyo huyeyuka kwenye maji. Seli hushika vipande hivyo, kisha vyote huondoka pamoja ukibadilisha kiowevu. Ili kujua, osha sampuli kwa maji safi na upime pembe ya mgusano tena. Ikipanda sana, umezidisha.

Uso huu hudumu kwa muda gani?

Umbo hudumu. Kemia huzeeka, maana minyororo ya polima hujigeuza na kuzamisha vikundi vya oksijeni ndani. Silikoni ya mpira, PDMS, ndiyo mbaya zaidi: hurudia kukataa maji ndani ya saa hadi siku chache. Polistirini huzeeka polepole. Kuhifadhi ndani ya maji husaidia, na kutandika protini mara moja baada ya plazma husaidia zaidi. Andika kwenye daftari saa uliyofungua chemba na saa uliyoweka seli, kisha shikilia muda huo katika kila rudio.

Niisafishe vipi vijidudu bila kuharibu kazi yangu?

Otoklevu ya nyuzi 121 itakunja polistirini na PMMA. Taa ya urujuanimno inaua vijidudu lakini inabadilisha kemia pia, hivyo nyuso zote tano zipate dozi sawa. Ethanoli ya asilimia 70 inafaa kwa polistirini, ila PMMA huathirika nayo.

Hatari kubwa zaidi ni kukauka. Kioevu kinapokauka kati ya vinguzo virefu, mvutano wa uso wake huvivuta vilale na kushikana vichwa kama matita ya kuni. Ukishaloanisha uso, usiuache ukauke: badilisha ethanoli kwa maji, maji kwa kiowevu. Njia safi zaidi ni kuchonga mwishoni, kutoa sampuli chini ya kabati lenye hewa iliyochujwa, na kuweka seli papo hapo.

Seli hazishuki kati ya vinguzo, nini kimetokea?

Huenda hewa imenaswa humo. Loanisha kwanza kwa ethanoli kama ilivyoelezwa juu, au weka sampuli ikiwa ndani ya kiowevu kwenye ombwe dogo hadi mapovu yaishe. Ikiwa nafasi kati ya vinguzo ni nyembamba kuliko seli, seli itakaa juu yake hata bila hewa, na hilo si kosa.

Naweza kupitisha tena kwenye plazma sahani zilizonunuliwa tayari kwa kukuzia seli?

Hakuna haja, na usizitumie kama plastiki ghafi ya kulinganishia. Zilishapita kwenye plazma au umeme wa korona kiwandani. Kwa ulinganisho nunua zile za kukuzia bakteria, ambazo kwa kawaida hazijaandaliwa.

Nipime nini kabla ya kuweka seli?

Hadubini ya nguvu za atomu kwa urefu wa maumbo, ingawa ncha yake haifiki chini ya vinguzo vilivyosongamana. Hadubini ya elektroni kwa picha. Spektroskopia ya elektroni kwa eksirei kwa kemia ya nanomita 10 za juu. Ukikosa ya mwisho, tone la maji kwenye uso tambarare ulioandaliwa pamoja na sampuli ni bora kuliko kukosa kabisa.

Hapa Afrika Mashariki nianzie wapi bila mashine maalumu?

Uliza idara ya fizikia. Wanaotengeneza tando nyembamba kwa kugonga shabaha kwa ayoni za argoni tayari wana chemba, pampu na plazma. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, imechapisha kazi za tando za namna hiyo. Penye hadubini ya elektroni huwa pia kuna kifaa kidogo cha kupaka sampuli dhahabu, na baadhi vina hali ya kuwasha plazma ya hewa. Hicho kinatosha kwa jaribio la kwanza la kemia, na upakaji wake unatosha kwa kufunika nyuso zako. Plazma za shinikizo la kawaida zisizohitaji pampu zipo pia, lakini hupiga bila usawa. Zitumie kwa kemia, si kwa vinguzo.

Oveni ya maikrowevu ya jikoni?

Plazma huwaka ndani yake ukiweka chombo chenye ombwe, na watu wamefanya hivyo. Siishauri: kioo kinaweza kupasuka, mionzi inaweza kuvuja ukitoboa tundu la bomba, na huwezi kurudia dozi ileile.

Kuna hatari gani kwa mtumiaji?

Mafuta ya kawaida ya pampu yakikutana na oksijeni safi yanaweza kulipuka. Tumia pampu kavu au mafuta ya perfluoropolietha. Oksijeni huzaa ozoni, hivyo bomba la pampu litoke nje ya jengo. Gesi zenye florini huzaa asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi hadi mfupa. Usiziguse bila mafunzo na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu.

## Hali za pembeni

Je, umbo peke yake linaweza kugeuza seli shina kuwa mfupa?

Kuna ushahidi mzuri. Mwaka 2007 Matthew Dalby na wenzake wa Glasgow walitumia mashimo ya upana wa nanomita 120 na kina cha 100. Yalipopangwa kwa mraba kamili, seli shina za binadamu hazikufanya mengi; yaliposogezwa ovyo hadi nanomita 50 kutoka mahali pake, zilianza kutoa protini za mfupa bila dawa za kuzichochea. Vielelezo vyao vilichorwa kwa mwale wa elektroni. Nalitaja hapa kwa sababu linatoa matumaini kwa plazma, ambayo kwa asili yake hutoa maumbo yasiyonyooka.

Tahadhari: kwenye mirija ya kinano ya titani oksidi, kikundi cha Erlangen kiliona kipenyo cha nanomita 15 kuwa bora na 100 kuua seli, huku kikundi cha San Diego kikiona kipenyo kikubwa kikisukuma seli kuelekea mfupa. Kemia na maandalizi hayakufanana. Rudi kwenye swali la kutenganisha.

Uso unaovutia seli hauvutii bakteria pia?

Mara nyingi ndiyo, kama kigezo ni kemia tu. Umbo linaweza kusaidia. Elena Ivanova na wenzake huko Melbourne walionyesha mwaka 2012 kwamba vinguzo vya bawa la nyenje anayeimba mitini hupasua bakteria wanaotua juu yake, na mwaka uliofuata wakapata matokeo kama hayo kwa silikoni nyeusi iliyochongwa kwa plazma na kwa bawa la kerengende. Bakteria ni mdogo na ukuta wake hauna nafasi ya kunyumbuka. Seli ya mamalia ni kubwa na laini, hivyo huweza kujilaza juu ya vinguzo hivyohivyo. Uhai wa seli zako lazima uupime mwenyewe: vinguzo vyembamba na virefu kupita kiasi huzidhuru hizo pia.

Kwenye titani inafanya kazi?

Kwa usafi, sana. Titani iliyokaa hewani hujaa uchafu wa kaboni na kuanza kukataa maji, na plazma huuondoa kwa dakika chache. Kuichonga ni kugumu zaidi kuliko polima, kwa kuwa oksijeni haiigeuzi kuwa gesi. Inahitaji klorini au florini.

Na kiunzi chenye matundu cha kukuzia tishu, je, plazma inaingia ndani?

Plazma yenyewe haiwaki ndani ya tundu jembamba kuliko tabaka la giza linaloizunguka sampuli, ambalo kwa shinikizo dogo lina unene wa milimita hivi. Kinachoingia ni radikali, zikisambaa na kufa njiani kila zinapogonga ukuta. Matokeo yake ni kiunzi kinachopenda maji nje na kuyakataa katikati, na seli zilizojazana kwenye ganda. Jaribu kulazimisha gesi ipite ndani ya kiunzi badala ya kukizunguka, au washa plazma kwa vipindi vifupi ili gesi mpya ijaze matundu kati ya kipindi na kipindi. Kisha kikate kiunzi katikati na uweke tone la maji kwenye mkato kabla hujapoteza seli zako.